Kuwahi Kumwaga Si Upungufu wa Nguvu za Kiume

Wanaume wengi wanaokuja kliniki kwangu kwa tatizo la kuwahi kumwaga wameshapita kwingine kwanza. Wameshatumia vumbi la Kongo, wameshakunywa asali na tangawizi, wameshanunua vidonge vya bluu duka la dawa la mtaani bila kuandikiwa na mtu. Nikiuliza shida ni nini, jibu ni lile lile: "Dokta, nguvu za kiume zimeisha."

Uume unasimama? "Unasimama vizuri tu." Asubuhi unaamka umesimama? "Ndiyo." Basi nguvu zipo, ndugu yangu. Sasa shida iko wapi? Hapo sauti inashuka: "Nawahi. Nikiingia tu, nimemaliza."

Haya ni matatizo mawili tofauti, na ndiyo maana fedha nyingi zinapotea. Dawa za kusimamisha uume huongeza damu uumeni. Hazina kazi kubwa kwa mtu ambaye uume wake unasimama bila shida. Tena ni za hatari kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, kwani presha inaweza kushuka ghafla hata akafa. Na baadhi ya unga na vidonge vinavyouzwa kama "vya asili tupu" vimewahi kupimwa maabara vikakutwa na sildenafili ndani, ile dawa iliyomo kwenye Viagra. Anayekunywa hajui anakunywa nini wala kiasi gani.

Kuwahi ni dakika ngapi? Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wapenzi wapatao 500 kutoka nchi tano, wakitumia saa ya kuhesabu sekunde. Muda wa kati, tangu uume kuingia hadi kumwaga, ulikuwa dakika 5.4. Nauweka wazi kwa sababu vijana wengi wanaojiona wagonjwa wanajilinganisha na video za ngono, zinazokatwa na kuungwa. Kijana wa dakika sita hana ugonjwa. Kitabibu tunaangalia mambo matatu kwa pamoja: muda ni mfupi mno, mtu hawezi kujizuia, na jambo hilo linamtesa yeye au mwenza wake.

Swali langu kubwa linalofuata ni: limeanza lini? Aliyekuwa hivyo tangu mara ya kwanza maishani, akimaliza ndani ya dakika moja hivi karibu kila mara, huenda ameumbwa na mfumo wa fahamu wenye mwitikio wa haraka, na serotonini, kemikali ya ubongo inayochelewesha kumwaga, inahusishwa. Si uzembe wake. Ila aliyekuwa sawa kwa miaka halafu akabadilika, muda ukashuka hadi dakika tatu au chini, huyo natafuta chanzo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, maambukizi ya tezi dume, msongo wa mawazo, ugomvi wa ndani ya nyumba. Au uume umeanza kulegea, naye anaharakisha ili amalize kabla haujalala. Huyu wa mwisho, ukitibu usimamaji, mara nyingi na kuwahi kunapungua.

Punyeto naulizwa kila wiki. Hailegezi mishipa, hata kama matangazo ya mitandaoni yanasema hivyo. Wanaolisema wana chupa ya kukuuzia.

Matibabu yapo. Mazoezi ya kuacha na kuanza tena, yaliyoelezwa na daktari James Semans mwaka 1956, hayana gharama. Msisimko unapopanda na kukaribia kileleni, acha kila kitu, subiri kama nusu dakika hadi upoe, kisha endelea. Rudia mara tatu au nne ndipo ujiachie. Anza peke yako, kisha kwa mkono wa mkeo, mwisho ndani. Siri yote ni kuacha mapema. Ukishavuka ile hatua ya mwisho, hakuna mwanaume anayeweza kuzuia. Matokeo yanataka wiki nyingi, na bila mke kujua kinachoendelea, ataona umemkatia raha tu. Kwa hiyo mwambie. Ikiwezekana njoo naye.

Kuna krimu ya ganzi yenye lidokeini, hupakwa kichwani mwa uume dakika kadhaa kabla, kisha hufutwa au huvaliwa kondomu ili mke asipate ganzi. Kuna vidonge pia: dapoksetini, ambayo humezwa saa moja hadi tatu kabla ya tendo, na paroksetini, ambayo humezwa kila siku. Vidonge hivi huandikwa na daktari: vinaweza kuleta kichefuchefu au kizunguzungu, havichanganywi ovyo na dawa nyingine, na paroksetini haiachwi ghafla. Tramado, dawa ya maumivu inayopendwa sana vijiweni, inachelewesha kweli, lakini inaleta uraibu. Simwandikii mgonjwa wangu kwa kazi hiyo.

Ukija, beba kila ulichowahi kutumia, hata kile kikaratasi cha unga kisicho na jina. Sitakugombeza. Niambie pia kama mnatafuta mtoto, maana baadhi ya vidonge hivi vinaweza kuathiri mbegu, na katika hali hiyo tutaanza na mazoezi kwanza.