Hasira sio redio, jamani: kuhusu "angry", "furious" na ndugu zao

Nimetumiwa ile chati tena. Mnaijua nyie, ile inayopanga maneno ya Kiingereza ya hasira kwa ngazi, chini kabisa "annoyed", inafuata "angry", alafu "furious", kileleni "livid", na pembeni kuna vikatuni vinazidi kuwa vyekundu kadri unavyopanda. Safari hii kanitumia mwanafunzi wangu wa zamani, kaandika "ticha hii ndo dawa ya kuacha kusema very very". Nafundisha Kiingereza na kutafsiri miaka mingi sasa, hiyo chati nimeshaiona mpaka basi, siku zote naipita kimya kimya. Leo nimeshindwa.

Chati inadhani hasira ni redio, unazungusha tu sauti inapanda. Haya, niambie "indignant" inakaa ngazi ya ngapi? Na "resentful" je? Hazina pa kukaa, kwa sababu hazijaizidi "angry" wala hazijapungukiwa, ni hasira za namna nyingine kabisa.

"Indignant" ni hasira ya mtu anayeamini haki iko kwake. Mzizi wake ni wa Kilatini, dignus, kustahili, yaani nimetendewa au nimeona jambo lisilostahili. Ndo maana unaweza kuwa "indignant" kwa ajili ya mtu mwingine hata humjui, kisa tu umeona anaonewa. Lakini jibanze kidole mlangoni uone, hapo utakuwa "furious" vizuri sana, ila "indignant" na mlango? Mlango haukudharau bwana, mlango ni mlango. Na hapa kuna kitu chati haiwezi kukionyesha hata ikipakwa rangi zote: nikisema fulani alijibu "indignantly" naweza kuwa namcheka kidogo, kwamba kajivika heshima ambayo sisi wengine hatujaiona. Ukiandika kwenye barua ya malalamiko kwamba uko "indignant" unadai una haki, ukiandika "furious" unasema tu damu inachemka, na anayesoma hizo barua kutwa nzima anaisikia hiyo tofauti.

"Resentful" ni kinyongo, basi. Tunalo neno letu tena zuri. Jaribu kusema "I was resentful for five minutes", inakuwa kichekesho, wakati "furious for five minutes" ni jambo la kawaida. Kinyongo hakikai dakika tano. Mtu anakusalimia, anakuuliza habari za nyumbani, anacheka na wewe, na kinyongo kiko palepale.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwenye Kiswahili haya tunayajua bila kufundishwa. Nani amewahi kukaa chini akapanga kununa, kuhamaki, donge na kinyongo kuanzia dogo mpaka kubwa? Kuhamaki ni ghafla, kununa ni uso na ukimya, donge liko kooni na mara nyingi lina wivu ndani yake. Hakuna anayeuliza lipi limezidi. Ila tukishika Kiingereza tu tunageuka wahasibu.

Turudi kwenye "livid" waliyoiweka kileleni na kikatuni chekundu kama pilipili. Hilo neno asili yake ni rangi, na rangi yenyewe sio nyekundu! Ni ile bluu ya kijivu ya mahali palipovilia damu. Mpaka leo "a livid bruise" ni rangi ya jeraha, na madaktari wanaochunguza maiti wana "lividity", rangi ya zambarau ya damu iliyotuama chini ya ngozi. Sasa je, "livid" imeizidi "furious"? Kamusi za wanafunzi zinazielezea karibu sawa tu, "very angry" au "extremely angry", kwa hiyo aliyechora ngazi alijiamulia mwenyewe. Ninachoweza kukwambia ni kwamba "livid" ina harufu ya mazungumzo, ni ya mtu anamhadithia rafiki yake kilichotokea kazini, kwenye barua rasmi inakaa vibaya.

Kuhusu "very furious" nitapita haraka: vitabu vinasema "furious" tayari imefika mwisho kwa hiyo inabebwa na "absolutely", sio "very". Sawa, fuateni, mitihani inataka hivo. Ila nikiri kitu, wenye lugha wanasema "so furious" kila siku na hakuna anayeshtuka, sasa "so" na "very" si zinafanya karibu kazi ileile? Maelezo ya vitabu hapo hayajawahi kuniridhisha, na nimeshawakata watu maksi kwa hilo, mnisamehe. "Mad" nayo angalia unaongea na nani, Marekani ni hasira ya kawaida kabisa, Uingereza mtu anaweza kuelewa wazimu.

Alafu kuna "upset", ambayo kwenye ile chati haipo kabisa wakati inatumika kila siku. "She's upset" inaweza kuwa analia, inaweza kuwa kakasirika, inaweza kuwa kaumizwa na hataki kusema, na mara nyingi anayelitumia amelichagua makusudi ili asilazimike kutaja ni ipi. "Upset about" mara nyingi inaegemea huzuni, "upset with me" ujue umeharibu wewe. Kwenye kutafsiri ndo neno linalonichosha kuliko yote, maana Kiswahili kinanilazimisha nichague kati ya huzuni na hasira wakati mwandishi mwenyewe kakwepa.

Yote haya nilimwandikia yule mwanafunzi, meseji ndefu mpaka vidole vikauma. Akajibu baada ya saa nzima: "Asante ticha nimeelewa sana. Kwa hiyo upset ni ngapi kati ya kumi?"