Wi-Fi ya Mtaa Mzima: Kabla Hujapandisha Antena Juu ya Paa

Mtu akituandikia sisi wa ofisi ya udhibiti wa masafa ya redio kwamba intaneti yake huganda kila ifikapo saa mbili usiku, swali letu la kwanza halimhusu mtoa huduma wake. Tunamuuliza jirani yake ameweka nini juu ya paa. Mara nyingi jibu huja kwa kusitasita, kwa sababu jirani huyo ni shemeji yake, au mwenye antena ndiye yeye mwenyewe anayelalamika.

Malalamiko ya aina hii yameongezeka tangu antena za nje na vikuza mawimbi vipatikane kirahisi. Nia huwa njema. Nyumba moja ina laini ya faiba, nyumba kadhaa za jirani hazina, na mwenye nayo anataka kuwafikishia wenzake. Hilo halina ubaya. Tatizo ni namna linavyofanywa, pamoja na imani chache zinazolizunguka ambazo tumezijibu kwa simu na kwa barua mara nyingi mno.

Tuanze na imani ya kwanza, kwamba masafa ya Wi-Fi ni "bure" na kila mtu ayatumie atakavyo. Wi-Fi hutumia masafa yasiyohitaji leseni ya mtu mmoja mmoja, hasa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Marekani ilifungua sehemu ya masafa hayo kwa vifaa vya mawasiliano mwaka 1985, na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kikatoka 1997. Kutohitaji leseni maana yake ni kwamba kifaa kimepimwa na kuidhinishwa kabla hakijakufikia, na masharti yamo ndani yake: nguvu isivuke kikomo, kisimsumbue mwenye leseni, na chenyewe kikisumbuliwa kivumilie. Ukibadilisha antena, ukaongeza kikuza mawimbi, au ukaingia kwenye mipangilio ukaidanganya ruta kwamba iko nchi nyingine ili ifungue nguvu zaidi, ulicho nacho sicho tena kilichopimwa. Una kituo cha redio kisicho na idhini. Kusema "lakini nimekinunua dukani" hakubadilishi kitu. Hata gari hununuliwa dukani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ruta ya kawaida hutoa takriban miliwati 100. Antena ya dishi yenye ongezeko la desibeli 24 (desibeli hupima nguvu imezidi au imepungua mara ngapi; kila 10 ni mara kumi) huyakusanya mawimbi hayo upande mmoja mara 250 hivi, kwa hiyo aliye mbele ya dishi anapokea kana kwamba kuna mtambo wa wati 25. Ulaya, kikomo cha gigahezi 2.4 ni miliwati 100, antena ikiwa imeshahesabiwa humo humo. Dishi hilo limekivuka mara 250 bila mtu kugusa ruta. Marekani, mpangilio huo huo unaruhusiwa ukiwa ni kiungo cha sehemu mbili zisizohama, kwa sababu sheria yao huwapa nafuu wenye antena za kuelekeza: ongezeko la antena likizidi desibeli 6, kila desibeli 3 za ziada hulipiwa kwa kupunguza desibeli 1 kwenye mtambo, kuanzia kikomo cha wati 1. Kwa hiyo video ya fundi wa nchi nyingine inaweza kuwa sahihi kabisa kwake na ikakutia wewe hatiani. Soma kanuni za nchi unayoishi, kisha fanya hesabu ukijumlisha antena. Wengi huisahau.

Imani ya pili ni kwamba nguvu zaidi ndiyo umbali mrefu zaidi. Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo pesa nyingi hupotelea.

Mawasiliano ya Wi-Fi ni mazungumzo. Kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ambayo ruta inaituma, simu lazima ijibu "nimeipata". Ukiifungia ruta kikuza mawimbi, simu iliyo mita 300 huonyesha vijiti vyote vya mawimbi, halafu ukurasa haufunguki. Mwenye simu hulaumu mtoa huduma. Kumbe simu inaisikia ruta vizuri, ila ruta haiisikii simu: simu hutuma kwa nguvu ndogo ili betri idumu, antena yake imejificha ndani ya kasha, na kiganja kimeifunika. Jibu lisipofika, ruta hurudia pakiti ile ile, kisha huirudia tena kwa mwendo wa polepole zaidi. Kila marudio hula muda wa hewani wa kila nyumba iliyo kwenye chaneli hiyo, yaani kipande kile kile cha masafa. Jioni watu wakirudi nyumbani wote, muda huo huisha. Huko ndiko kuganda kwa saa mbili usiku.

Antena nzuri ni habari nyingine, kwa sababu inayotuma vizuri husikia vizuri pia. Mwaka 2007 nchini Venezuela, timu ya Ermanno Pietrosemoli iliunganisha vilele viwili vya milima kwa Wi-Fi kwa umbali wa kilomita 382, kwa ruta za kawaida zilizobadilishwa programu na madishi makubwa. Walichokuwa nacho ni kimo na njia iliyo wazi kati ya dishi na dishi. Wewe unataka mita 400 tu na una mwembe katikati.

Kuhusu huo mwembe: kuliona paa la mwenzako hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi ya umbo la yai refu kati ya antena mbili. Kwa nusu kilomita kwenye gigahezi 2.4, katikati ya njia yai hilo lina nusu kipenyo cha karibu mita 4. Kwenye gigahezi 5 ni mita 2 na nusu hivi. Tawi, ukingo wa ghorofa au tangi la maji likiingia humo, kiungo hulegea hata kama unamwona mwenzako anakupungia mkono. Majani mabichi yenye maji ni mabaya zaidi. Ndiyo sababu kiungo kilichofungwa wakati wa kiangazi huanza kusumbua mvua zikianza, na fundi huitwa kuangalia ruta ambayo haina kosa lolote.

Nilipanda paa moja kufuatilia lalamiko nikakuta dishi zuri, la bei, limefungwa kwa waya wa kuanikia nguo. Ruta ilikuwa sebuleni. Kati yake na dishi palikuwa na mita 15 za kebo nyembamba, ile ya unene wa penseli. Kebo ya aina hiyo kwenye gigahezi 2.4 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita. Kwa mita 10 sehemu tisa kati ya kumi za nguvu zimeshapotea. Kwa mita 15 unabaki na asilimia 3 hivi. Mwenye nyumba alikuwa ameshaagiza kikuza mawimbi ili kufidia. Tulichomshauri ni kuhamishia redio, yaani kifaa kinachotuma na kupokea mawimbi, juu, nyuma ya dishi lenyewe, na kuipelekea umeme kwa waya ule ule wa data. Kikuza mawimbi alikirudisha.

Imani ya tatu inahusu gigahezi 5, na hapa sitapunguza makali. Sehemu ya masafa hayo, kuanzia megahezi 5250 (yaani gigahezi 5.25) hadi 5350 na tena 5470 hadi 5725, Wi-Fi ni mgeni na rada ndiye mwenyeji. Ruta iliyoidhinishwa husikiliza kwanza kwa dakika 1 kabla ya kutuma. Kwenye kipande cha 5600 hadi 5650, ambako rada za hali ya hewa hufanya kazi, kanuni za Ulaya huitaka isikilize dakika 10. Ikihisi rada, lazima ihame chaneli na isirudi hapo kwa nusu saa. Watu huona hiyo ni kasoro ya ruta. Hutafuta programu ya kuzima usikilizaji huo, wakaandikiana kwa furaha kwamba "sasa haikatiki". Kwenye skrini ya mtaalamu wa hali ya hewa, ruta hiyo huonekana kama mstari mnyoofu mfano wa spoki ya baiskeli, ukitoka kwenye rada na kuelekea paa lako. Mstari huo huweza kuficha wingu la dhoruba ambalo rubani alipaswa kuambiwa. Marekani imewatoza faini watoa huduma kwa kuingilia rada ya uwanja wa ndege wa San Juan, Puerto Rico. Usiguse mpangilio huo.

Kinachofanya kazi hakina mbwembwe. Ndani ya jengo tumia waya. Wa shaba hufika mita 100. Kati ya jengo na jengo, faiba ni bora kuliko shaba hata kwa umbali mfupi, kwa kuwa haipitishi radi, na majengo mawili yenye nyaya tofauti za kupeleka umeme ardhini hayataunguziana vifaa. Pasipowezekana waya, funga kiungo cha antena mbili zinazoelekeana kwenye gigahezi 5, kisha kila nyumba iwe na ruta yake ndogo yenye nguvu ya chini. Nyumba kumi zenye sauti ndogo hupata huduma nzuri kuliko moja inayopiga kelele. Kwenye gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, basi. Anayechagua ya 3 akidhani amejitenga na wenzake amewasumbua majirani wa pande zote mbili. Ripita, yaani kifaa cha kupokea mawimbi na kuyarusha tena, ikiwa na redio moja hupokea na kutuma kwa zamu, hivyo hukata kasi karibu nusu, na ripita ya pili nyuma yake huikata tena.

Sasa utaratibu, kwa kuwa maswali mengi huishia hapo. Kanuni hutofautiana nchi na nchi, lakini mlolongo hufanana. Lalamiko hupokelewa kwa maandishi likiwa na mahali, tarehe, saa na huduma inayosumbuliwa. Bila saa hatuna pa kuanzia, na "kila wakati" si saa. Wakaguzi hufika na kipimo cha masafa na antena ya kuelekeza, huchukua mwelekeo kutoka sehemu mbili au tatu, na pale mistari inapokutana ndipo tunapobisha hodi. Hukaguliwa kibandiko cha idhini, antena iliyofungwa, mipangilio ya nchi na nguvu, na vyote huingizwa kwenye fomu ambayo mwenye nyumba husaini na kubaki na nakala. Kwa kosa la kwanza lisilogusa huduma za usalama, kwa kawaida hutolewa ilani yenye siku za kurekebisha. Ukirekebisha, jalada hufungwa. Ukipuuza, ndipo huja faini, na kifaa kinaweza kutaifishwa. Kuingilia rada, ndege au redio za dharura hakusubiri ilani: unaagizwa kuzima papo hapo, na jalada linaweza kufika kwa mwendesha mashtaka. Kulipa faini hakukurudishii kifaa moja kwa moja. Hilo huulizwa sana.

Masafa yakishakuwa sawa, bado kuna mkataba. Mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani hukataza kuipitisha nje ya kaya yako, hata bila malipo, na mtoa huduma anaweza kukata laini bila sisi kuhusika. Ukianza kuchangisha kila mwezi, katika nchi nyingi umeshakuwa mtoa huduma na unahitaji leseni au usajili. Njia ya wazi ipo: guifi.net, mtandao wa wanajamii wa Catalonia, Hispania, ulianza 2004 vijijini, na wanachama wake huunganishwa kwa mkataba wa pamoja unaosema nani ana haki gani na wajibu gani. Kama una nyumba zaidi ya tatu nne, andika makubaliano hata ya ukurasa mmoja, na uliza ofisi ya udhibiti kabla ya kununua vifaa. Tunapenda zaidi kuulizwa mapema.

Anayetumia laini yako anaonekana kwa jina lako. Mei 2010 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani iliamua kesi ya mtu ambaye wimbo ulisambazwa kupitia Wi-Fi yake ilhali yeye alikuwa likizoni. Hakulipishwa fidia ya wimbo, lakini alionekana na wajibu kwa kuacha ruta na nenosiri la kiwandani. Ujerumani ilibadilisha sheria mwaka 2017. Kwingine hali ni tofauti, na polisi huanza na anwani iliyosajiliwa. Kwa hiyo wape majirani mtandao wa wageni uliotengwa na vifaa vyako, tumia ulinzi wa nenosiri wa WPA3 au angalau WPA2, na zima WPS, njia ya mkato ya kuunganisha vifaa bila kuandika nenosiri, ambayo udhaifu wake umejulikana tangu 2011. Nenosiri lisiwe namba ya simu. Tumeona mengi, karibu yote ni namba za simu.

Mkaguzi akifika, muulize kitambulisho na barua ya kazi. Ni haki yako na hakasiriki mtu. Usikimbilie kuzima ruta. Tukiikuta imezimwa hatuwezi kupima, tunaandika hivyo kwenye fomu, na kesho yake tunarudi.