Gauss na Ceres: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss akitajwa kwenye masuala ya nyota, hadithi huwa ile ile: Ceres, sayari-kibete iliyo kati ya Mirihi na Jupita, ilipotea, kijana wa miaka 24 akashika kalamu, ikapatikana. Kiini chake ni kweli. Shida ni yale yaliyoongezwa njiani.

“Gauss ndiye aliyegundua Ceres.”

Aliyeigundua ni padri Giuseppe Piazzi, mjini Palermo, Januari 1, 1801. Aliifuatilia hadi Februari 11, kisha ikamezwa na mng’ao wa Jua. Gauss alikuwa Braunschweig, Ujerumani, na kazi yake yote aliifanyia mezani. Walioiona tena ni Franz Xaver von Zach, Desemba 1801, na Wilhelm Olbers, mwanzoni mwa Januari 1802, wote wakielekeza darubini pale alipowaambia.

“Kitu kikishaonekana siku 41, kujua kitakapokuwa ni hesabu ya kawaida.”

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wasimuliaji wengi huparuka. Darubini hukuonyesha kitu kiko upande gani, umbali haikwambii. Kila kipimo kinakupa pembe mbili tu. Obiti, yaani njia ya kitu kulizunguka Jua, inadai namba sita ili ijulikane, kwa hiyo vipimo vitatu vinatosha, angalau kwenye karatasi. Ila Ceres ilikuwa imeonekana kwenye kipande cha digrii 3 hivi cha anga, na kosa dogo la pembe hapo huzaa kosa kubwa la umbali. Wengine walijirahisishia kwa kudhani njia yake ni duara au parabola (mkunjo ulio wazi usiojifunga). Gauss hakubahatisha umbo. Alishikilia tu sheria za Kepler, kanuni za mwendo wa sayari kulizunguka Jua, akaacha vipimo viseme vyenyewe.

Ujanja wake ulikuwa huu. Kwa sheria ya Kepler, muda kati ya vipimo unakupa uwiano wa maeneo ambayo mstari wa kutoka Jua hadi Ceres umeyafagia. Jiometria, kwa upande wake, inataka uwiano wa maeneo ya pembetatu zilizomo ndani ya vipande hivyo. Tofauti kati ya eneo lililofagiwa na pembetatu yake ni ndogo mno, mtu mvivu angeipuuza. Kumbe umbali umejificha humo humo. Gauss aliikadiria, akapata umbali wa kwanza, akautumia kuisahihisha ile tofauti, akarudia.

“Aliipata kwa njia ya miraba midogo kabisa.”

Hii imeenea hata vitabuni. Njia hiyo hutafuta jibu linalofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa; hufaa ukiwa na vipimo vingi kuliko mahitaji, nayo huinyoosha obiti ambayo tayari unayo. Vipimo vitatu kwa namba sita havibakizi cha kusawazisha. Gauss aliieleza njia hiyo katika kitabu chake *Theoria motus* cha 1809. Mwanahisabati Mfaransa Legendre alikuwa ameshaichapisha 1805. Gauss akadai anaitumia tangu 1795, na ugomvi ukaanza.

“Baada ya Ceres akaachana na anga.”

Tangu 1807 hadi kifo chake mwaka 1855 alikuwa mkurugenzi wa paoneaanga pa Göttingen. Akihangaika na obiti ya Pallas, asteroidi nyingine, alibuni njia ya mkato ya kukokotoa mawimbi yanayojirudia, akaiandika kwa Kilatini na kuiacha. Ilichapishwa 1866, na hakuna aliyeijali sana. Wamarekani Cooley na Tukey walipoitoa upya 1965, wahandisi waliipokea kama jambo geni kabisa.