Kuchemsha maji ya kisima hakuondoi floraidi

Kwa kuwa mgao wa maji umekuwa jambo la kawaida katika mitaa mingi ya Nairobi, familia nyingi sasa zinategemea maji ya kisima kirefu kilichochimbwa na mwenye ploti, au yale yanayoletwa na bowza, na swali linalofika katika maabara yetu mara kwa mara ni hili: tukiyachemsha, si yatakuwa salama? Kuchemsha huua vijidudu, na tunaendelea kuwahimiza wananchi kufanya hivyo, lakini hakupunguzi hata kidogo floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno ya watoto. Chukua lita 5 za maji yenye miligramu 3 za floraidi kwa lita, uyachemshe hadi zibaki lita 4: kilichoondoka ni mvuke, ilhali floraidi yote imesalia sufuriani, na sasa imefika miligramu 3.75 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5.

Floraidi hiyo hutoka kwenye miamba ya volkano iliyo chini ya jiji letu, ambayo maji huiyeyusha polepole kadiri yanavyokaa humo. Kwa hivyo ile imani kwamba kisima kikienda chini zaidi ndipo maji yanapokuwa safi zaidi, ambayo tumeikanusha tena na tena, haina msingi. Kina husaidia kuzuia maji ya vyoo yasipenye, basi. Floraidi haina rangi wala harufu, na kwa viwango hivi ulimi hauitambui. Alama yake hujitokeza miaka kadhaa baadaye, kwenye meno ya mtoto aliyekunywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yalipokuwa yakijiumba ndani ya ufizi. Huanza kama michirizi myeupe mfano wa chaki, kisha huja madoa ya kahawia ambayo mswaki hauwezi kuyatoa. Inaniuma kuona mtoto wa namna hiyo akikemewa kwamba hapigi mswaki.

Anayeleta sampuli atumie chupa ya plastiki safi, kwa kuwa floraidi huweza kuathiriana na kioo, aisuuze mara tatu kwa maji yale yale ya kisima kabla ya kuijaza, na aandike mahali na saa ya kuchota. Kipimo cha vijidudu kina chupa yake, ambayo maabara huitakasa na kuitia dawa ya kuzima klorini. Hiyo haisuuzwi, hubebwa ndani ya barafu, na inapaswa kutufikia siku hiyo hiyo. Chupa ya soda ambayo bado inanukia machungwa tutairudisha.

Kwa wenye ploti, kibali cha kuchimba kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutangulia uchimbaji, hakifuati. Ombi huambatana na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesajiliwa. Idhini ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nayo ni ya lazima. Mchimbaji awe na leseni. Na kazi ikiisha, kisima hupimwa uwezo wake na maji hupelekwa maabara kabla ya kibali cha matumizi kutolewa. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kosa lisilotajiwa adhabu yake mahususi hutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Mpangaji naye ana haki ya kuomba kuonyeshwa matokeo ya maabara, na hapaswi kuonekana mkorofi kwa kuuliza.

Majibu yakizidi kiwango, kisima hakifungwi. Maji yake yatafaa kufulia, kuoshea na kumwagilia. Ya kunywa yanaweza kupitishwa kwenye mtambo wa kuchuja kwa utando (reverse osmosis), au kuchanganywa na ya mfereji, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini na huwa na floraidi kidogo, mradi mchanganyiko wenyewe upimwe. Chujio la kawaida la mkaa halitoshi. Ikiwa siku ya mgao unapata mitungi michache tu ya maji ya mfereji, itengee watoto wa chini ya miaka 8, pamoja na maji ya uji wao. Ya chai pia yatoke humo, kwa sababu majani ya chai nayo huongeza floraidi.