Sitakwambia umsahau

Kazi yangu ni kukaa na watu waliofiwa. Naitwa mshauri nasaha lakini kiukweli muda mwingi nasikiliza tu, na kuna swali nalisikia karibu kila wiki. Mtu anakuja, anakaa, anazungukazunguka na habari za kazi na watoto, akishazoea kidogo anashusha sauti, hivi mbona bado namkumbuka? Mwaka wa tatu huu, ndugu zangu wote wanaendelea na maisha yao, mimi nikiona tu mtu barabarani kavaa shati kama lake machozi haya hapa. Wengine wanaogopa kabisa kwamba akili imeanza kuyumba, maana wakiamka asubuhi wanaisalimia picha ya mama.

Akili yako haijayumba. Kuna ushauri umezoeleka mno, jikaze, yaliyopita si ndwele, futa namba yake, gawa nguo zake, na wanaousema wana nia njema kabisa, lakini kwa miaka yote ya kazi hii sijaona mtu aliyepona kwa kumsahau mtu wake. Nilioona wanapona ni wale waliopata pa kumweka.

Hata wataalamu wenyewe imewachukua muda kulielewa hili. Sigmund Freud, daktari maarufu wa mambo ya akili, mwaka 1917 aliandika kwamba kazi ya maombolezo ni kuondoa hisia zako taratibu kutoka kwa aliyekufa mpaka uwe huru, na wazo hilo likatawala kwa miongo mingi. Halafu mwaka 1920 binti yake Sophie akafariki kwa homa ya mafua. Miaka tisa baadaye, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, Freud akamwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger aliyekuwa amefiwa na mtoto, akamwambia kwamba uchungu ule mkali utapungua lakini pengo halitazibika, na kwamba ndivyo inavyotakiwa iwe, maana ndo njia pekee ya kuendeleza upendo ambao hatutaki kuuachia. Nadharia iliandikwa na daktari, ile barua iliandikwa na baba, na mimi nikikaa na mzazi aliyefiwa naiamini zaidi ile barua.

Kitu kingine kinachowatesa watu ni zile hatua tano za maombolezo, kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, kukubali. Zinatoka kwa daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, na wengi hawajui kwamba alizipata kwa kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe, hakuanzia kwa waliobaki nyuma. Sasa mtu anakuja kwangu anajilaumu, mbona mimi sijapitia hasira, au mbona nilishakubali halafu mwezi huu nimerudi nyuma. Hujarudi nyuma popote. Hakuna ngazi hapo.

Mtazamo ninaoutumia zaidi ulitoka mwaka 1996 kwa watafiti Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, wao walisema uhusiano na marehemu haukatiki, unabadilika sura tu, na mtu mwenye afya njema kabisa anaweza kuendelea nao maisha yake yote. Nikwambie unavyoonekana kwa karibu. Kuna mama alinionyesha kikaratasi alichokitunza ndani ya pochi, kimekunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika, orodha ya vitu vya kununua aliyoandika mumewe. Sabuni, betri za redio, dawa ya viatu, halafu chini kabisa, kwa herufi kubwa, USISAHAU FUNGUO. Alikuwa anamjua mkewe kwamba husahau funguo. Yule mama ana picha nzuri za harusi ukutani lakini haziangalii sana, anakiangalia kile kikaratasi, kwa sababu kwenye picha mume amesimama kama watu wote wanavyosimama kwenye picha, kwenye karatasi ndo yuko yeye mwenyewe, na mpaka leo akitoka nyumbani anagusa funguo mfukoni. Huo ndo uhusiano unaoendelea, na kwa siku unamchukua sekunde chache tu.

Halafu watu wanajihukumu wakicheka. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba aliyefiwa huwa anakwenda huku na huku, saa hii yuko ndani ya uchungu, baadaye yuko kwenye kulipa bili na kupika na kucheka na jirani, kisha anarudi tena, na kule kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia kustahimili. Ukicheka hujamsaliti marehemu, unapumzika.

Jambo ninalolifanyia kazi sana na wateja wangu ni hili. Kama mtu aliugua muda mrefu, kumbukumbu za kitandani zinafunika kila kitu, miaka hamsini ya maisha inamezwa na wiki za mwisho, mtoto akifumba macho anaona mirija na mashavu yaliyoingia ndani. Kumbukumbu haikai kama picha kwenye albamu, kila unapoikumbuka ubongo unaijenga upya, kwa hiyo ile unayoirudia kila siku ndo inakuwa rahisi kuja. Basi tunazitafuta nyingine kwa makusudi. Anza na harufu, mafuta aliyopaka, sabuni yake, kwa sababu njia ya harufu kwenye ubongo iko jirani kabisa na sehemu za hisia na kumbukumbu. Wapigie waliomjua kabla hujazaliwa. Usiwaulize alikuwa mtu wa aina gani, watakwambia alikuwa mcheshi na mkarimu kama marehemu wote. Uliza alikuwa anagombana na nani, na kitu gani kilikuwa kinamchekesha mpaka anakohoa.

Na wale mnaosikia sauti ya marehemu au kuhisi yuko chumbani, hamko peke yenu, daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, mwaka 1971 alichapisha utafiti wa wajane na wagane 293, na karibu nusu yao waliwahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzao aliyefariki, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Ila sio kila kitu ni cha kusubiri kipite. Kama uchungu bado ni ule ule mkali karibu kila siku, umekuondoa kazini, kwa watoto, kwenye kula na kulala, tafuta mtaalamu. Shirika la Afya Duniani linaita ni tatizo la kiafya ukizidi miezi 6 hivyo na kupita kiasi cha desturi za jamii yako, wataalamu wa akili wa Marekani wanasubiri miezi 12 kwa mtu mzima. Na kama umeanza kutamani kumfuata, usisubiri hata wiki, mwambie mtu leo.

Msiba pia unakugeuzia macho kwako mwenyewe, unaanza kujiuliza mimi nimetoka wapi na nimebakiza nini. Robert Butler, daktari aliyeshughulika na wazee, aliandika mwaka 1963 kwamba mzee kurudia hadithi za zamani sio kuzeeka vibaya, anapitia maisha yake, anajaribu kuyaweka sawa kabla hajaondoka. Kwa hiyo mzee wako akianza ile hadithi uliyoisikia mara mia, mwache, tena muulize kitu ambacho hukuwahi kuuliza, nani alimsaidia wakati hakuna aliyemwamini, angependa nani amsamehe. Washa rekoda ya simu kwa ruhusa yake. Ukimaliza, faili lihifadhi sehemu mbili tofauti siku hiyo hiyo, simu zinaibiwa na zinaingia maji, na nimeshakaa na watu wanaolia kwa sababu sauti ya baba ilikuwa kwenye simu moja tu.