Neno "njaa" na udugu wa lugha za Kislavi

Kirusi nilikijua kabla ya Kicheki. Nilipohamia Prague kuendelea na masomo, wiki ya kwanza niliingia duka la mikate, nikakuta kibao kimeandikwa čerstvý chléb, nikatoka mikono mitupu. Kwa Kirusi mkate ulio čerstvyj ni mkate uliolala, umekauka mpaka unaumiza fizi. Kwa Kicheki mkate ulio čerstvý ndio kwanza umetoka kwenye tanuri. Neno ni lile lile, na chimbuko lake ni moja: zamani lilitaja kitu kigumu, chenye nguvu. Warusi walibaki na ugumu. Wacheki walibaki na nguvu. Ya nguvu ikawa ya uhai, na ya uhai ikawa ya kitu ambacho hakijachacha wala kukauka.

Wanafunzi huniuliza mara kwa mara: "Mwalimu, ukishajua Kirusi, lugha nyingine za Kislavi, kama Kicheki, Kipolandi na Kiserbia, si unazijua tu?" Huwa naanza na mkate huo. Kufanana kwa maneno kunadanganya. Chukua divan: kwa Kirusi ni kochi, dywan ya Kipolandi ni zulia, na sisi diwani wetu anaketi kwenye baraza la halmashauri. Hakuna anayesema Mpolandi na Mswahili ni ndugu wa lugha. Neno limetoka Uajemi likasafiri, kila mmoja akalipokea mlangoni kwake.

Udugu wa lugha huonekana mahali ambapo watu wengi hawaangalii, yaani kwenye tofauti. Ni tofauti inayojirudia neno baada ya neno, kwa mpango ule ule.

Sisi tunao mfano nyumbani. Tunasema njaa; Waganda wanasema enjala, wasemaji wa Kilingala nzala, Washona nzara. Tunasema makaa, wasemaji wa Kilingala wanasema makala. Kiswahili kimeangusha ile l iliyokuwa katikati ya irabu, na hakikuiangusha katika neno moja tu. Ukiijua kanuni, unaweza kukisia neno la jirani kabla hujalisikia.

Sasa tazama njaa ya Waslavi (nitaandika yote kwa herufi za Kilatini). Kirusi: golod. Kipolandi: głód. Kicheki: hlad. Kibulgaria na Kiserbia: glad. Kisha tazama kichwa: golova, głowa, hlava, glava. Na neno ambalo zamani lilikuwa la boma, baadaye likawa la mji au la ngome: gorod, gród, hrad, grad. Ukiyaweka juu chini kama hesabu, safu zinasimama zenyewe. Penye -olo- au -oro- kwa Mrusi, pana -lo- au -ro- kwa Mpolandi, na -la- au -ra- kwa Mcheki na kwa watu wa kusini.

Kwa nini? Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko mwanafunzi wa Kijerumani, kwa sababu jambo lenyewe analo kinywani. Lugha mame ya Waslavi, yaani lugha ya kale iliyozizaa zote hizi, katika karne zake za mwisho ilianza kukataa silabi zinazoishia kwa konsonanti. Ilitaka silabi wazi, kama sisi. Sisi Waarabu walituletea waqt, tukasema wakati: tukachomeka irabu. Waslavi walikuwa na maneno yenye umbo la gol-d na gor-d, na ile l au r iliyofunga silabi ikawa tatizo. Wa mashariki walifanya kama sisi, wakachomeka irabu: golod. Wengine waligeuza, wakaipitisha l mbele ya irabu. Wacheki na wa kusini wakageuza na kuirefusha irabu hadi ikawa a; Wapolandi wakageuza tu. Na kaskazini-magharibi mwa Poland ya leo, kando ya Bahari ya Baltiki, kuna waliobaki bila kugeuza. Ndiyo maana ramani ya huko ina mji unaoitwa Stargard, ambao ungekuwa Belgrade ungesikika -grad na ungekuwa Urusi ungesikika -gorod.

Swali linalofuata ni lini, na jibu lake ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Karl Mkuu, mfalme wa Wafaranki, alifariki mwaka 814. Jina lake liliwafikia majirani zake Waslavi likawa neno la "mfalme": Kirusi korol', Kipolandi król, Kicheki král, Kiserbia kralj. Limepita njia ile ile ya njaa na kichwa! Kama jina la mtu aliyeishi wakati huo limegeuzwa pamoja na maneno ya kale, basi mageuzi yenyewe yalikuwa bado hai enzi zake. Upande wa pili, wamisionari wawili ndugu, Cyril na Methodius, walikwenda Moravia, nchi ya Waslavi wa magharibi, mwaka 863 na kuandika vitabu vya kanisa kwa lahaja ya Waslavi wa kusini. Nakala za kale zaidi zilizotufikia ni za karne ya 10 na 11, lakini lugha yake imeshageuka kabisa: glad, grad, glava. Jina la mfalme mmoja linatusaidia kukadiria tarehe ya jambo ambalo hakuna aliyeliandika lilipokuwa likitokea.

Lugha hiyo ya kanisa ilipelekwa Kyiv na Ukristo mwaka 988, ndiyo sababu Kirusi kina maneno pachapacha. Golova ni kichwa cha mtu, glava ni sura ya kitabu. Storona ni upande, strana ni nchi. Moloko ni maziwa ya kunywa, ila Njia ya Maziwa ya angani ni Mlečnyj Put'. La nyumbani limebaki na mambo ya nyumbani, la kanisani limepanda cheo. Jina Vladimir lina sura ya kanisani. Volodymyr la Kiukraini ni jina lile lile kwa sura ya mashariki.

August Leskien wa Leipzig, mtaalamu wa Kislavi, alishikilia mwaka 1876 kwamba kanuni za sauti hazina upendeleo: sauti ikibadilika, hubadilika katika kila neno lenye mazingira yale yale. Carl Meinhof, Mjerumani mtaalamu wa lugha za Kiafrika, alipochapisha utafiti wake wa sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, alifuata njia hiyo ya kulinganisha sauti kwa sauti. Kwa hiyo njaa, enjala na nzala zimepimwa kwa mizani iliyopima golod na hlad.

Mizani hiyo lakini haitoi mti wa ukoo ulionyooka. Vitabu vya shule hugawa Kislavi matawi matatu: mashariki, magharibi, kusini. Tazama sasa konsonanti ya kwanza ya njaa. Wacheki na Waslovakia, wa magharibi, wamegeuza g kuwa h. Waukraini na Wabelarusi, wa mashariki, nao wamegeuza. Wapolandi hawakugeuza, wala Kirusi sanifu. Badiliko limekata matawi kama wimbi linalopita chini ya mitumbwi bila kuuliza ni ya nani. Mwanaisimu Mjerumani Johannes Schmidt alieleza mwaka 1872 kwamba lugha hubadilika kwa mawimbi namna hiyo, na kwa Waslavi mimi namwamini zaidi yeye kuliko wachora miti.

Ndiyo maana neno Holodomor naweza kulisoma kama hati ya kuzaliwa. H yake haiwezi kuwa ya Kirusi sanifu. -Olo- yake haiwezi kuwa ya Kicheki, maana Wacheki wangesema hladomor, na kweli wanalo neno hilo, la baa lolote la njaa. Vyote viwili pamoja vinatupeleka Ukraine. Holod ni njaa. Mor ni kufa kwa watu wengi, na moryty ni kufisha. Ni jina walilolipa Waukraini wenyewe lile lililowapata mwaka 1932 na 1933, mamilioni walipokufa kwa kukosa chakula. Warusi wakilitaja hutamka golodomor, kwa g.