Central High ya Little Rock: kisa ambacho picha moja haikukimaliza

Picha inajulikana: binti mweusi wa miaka 15, miwani myeusi usoni, daftari kifuani, na nyuma yake msichana mzungu amepanua kinywa akimzomea. Ilipigwa Septemba 4, 1957, nje ya Central High, shule ya sekondari ya umma mjini Little Rock, jimbo la Arkansas, Marekani. Binti huyo alikuwa mmoja wa wanafunzi weusi tisa wa kwanza kupelekwa katika shule hiyo iliyokuwa ya wazungu watupu, baada ya mahakama kuagiza ubaguzi shuleni ukomeshwe. Picha ile ina nguvu kiasi kwamba wengi tumeiachia itusimulie kisa kizima, na hapo ndipo makosa yalipoingia. Haya hapa ni baadhi yake, moja baada ya jingine.

"Wanafunzi tisa walikwenda pamoja siku hiyo"

Ndivyo ilivyopangwa. Daisy Bates, kiongozi jimboni wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alitaka vijana wote tisa wakutane kwanza, kisha waende wakisindikizwa na wachungaji. Lakini kwao Elizabeth Eckford, binti wa pichani, hapakuwa na simu, na habari haikumfikia. Akapanda basi peke yake, amevaa gauni lililoshonwa nyumbani. Aliona askari wa jimbo wakiwapisha wanafunzi wazungu, akadhani wamekuja kumlinda na yeye. Alipowakaribia, wakamfungia njia kwa bunduki zenye singe. Gavana Orval Faubus alikuwa amewaweka pale kuwazuia watoto weusi wasiingie. Elizabeth akageuka, akatembea huku umati ukimfuata kwa matusi, hadi kwenye benchi la kituo cha basi. Akakaa. Mwanamke mmoja mzungu, Grace Lorch, ndiye aliyesimama naye hadi akapanda basi.

"Little Rock ilikuwa ngome kuu ya ubaguzi"

Kinyume chake, mji ule ulihesabiwa kuwa wa wastani kwa viwango vya Kusini mwa Marekani. Chuo Kikuu cha Arkansas kilimpokea mwanafunzi mweusi wa sheria mwaka 1948, na mabasi ya mji yaliacha kutenga abiria mwaka 1956. Jambo lisilosemwa sana ni la tabaka. Mwaka huohuo wa 1957 ilifunguliwa shule mpya, Hall High, upande wa magharibi kwa wenye nacho, na haikupelekewa hata mwanafunzi mmoja mweusi. Mzigo wote wa mabadiliko ukawekwa Central, kwenye watoto wengi wa wafanyakazi. Hilo halihalalishi jiwe hata moja lililorushwa, lakini mtu asiyelijua hataelewa hasira ile ilichochewa vipi na nani aliachwa salama.

"Eisenhower alipeleka jeshi kwa sababu alikuwa mtetezi wa usawa"

Julai 1957 Rais huyo alikuwa amesema hawezi kufikiria hali itakayomfanya atume jeshi kutekeleza amri za mahakama. Septemba ikamlazimu. Gavana alikuwa akiikaidi mahakama, na tarehe 23 umati ulifanya fujo hadi vijana tisa wakatolewa shuleni kabla ya saa sita mchana. Alipohutubia taifa usiku wa tarehe 24, hoja yake ilikuwa utii wa sheria.

"Wanajeshi walipofika, mambo yakaisha"

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, maana inawapokonya watoto wale sehemu ngumu zaidi ya walichokifanya. Septemba 25 waliingia kwa mlango wa mbele wakizungukwa na askari wa Divisheni ya 101 ya jeshi la taifa. Ndiyo kwanza mwaka ulikuwa unaanza. Askari waliwasindikiza kwenye korido, lakini hawakuingia darasani wala vyooni. Huko ndiko walikopigwa mateke, wakasukumwa kwenye ngazi na kutemewa mate, na hawakuruhusiwa kujiunga na michezo wala kwaya. Kati ya wanafunzi wazungu takriban 1,900, waliowatesa walikuwa kundi dogo. Wengi walinyamaza. Wachache walithubutu kuwasalimu, nao wakapewa vitisho.

Desemba, Minnijean Brown, mmoja wa wale tisa, alizuiwa njia kwa viti katika bwalo la chakula, na bakuli lake la maharage na nyama likawamwagikia wavulana wawili. Mwenzake Ernest Green alisimulia baadaye kwamba bwalo lilikaa kimya kwanza, kisha wapishi, watu weusi, wakapiga makofi. Minnijean alisimamishwa masomo, na Februari akafukuzwa kabisa. Zikasambazwa kadi: mmoja ametoka, wamebaki wanane. Mei 27, 1958, Ernest Green akawa mwanafunzi mweusi wa kwanza kuhitimu Central. Martin Luther King alikuwepo. Jina la kijana lilipoitwa, uwanja ulinyamaza.

"Baada ya hapo shule iliendelea"

Haikuendelea. Septemba 1958 Faubus alifunga sekondari zote nne za umma mjini, za wazungu na za weusi, na wapiga kura wakamuunga mkono. Wanafunzi 3,665 wakabaki bila shule. Walimu, kwa kuwa mikataba yao ilikuwa hai, waliripoti kazini na kukaa katika madarasa matupu, huku mechi za mpira wa Kimarekani zikiendelea kuchezwa. Wazungu wengi walipata nafasi kwingine, hata katika shule ya binafsi iliyoanzishwa kwa ajili yao; karibu nusu ya vijana weusi hawakusoma popote.

Mkwamo huo ulivunjwa na wakazi wenyewe. Kina mama walianzisha kamati ya kudai shule zifunguliwe, na bodi ya shule ilipowafukuza watumishi 44, wengi wao walimu, Mei 1959, wapiga kura waliwang'oa wajumbe waliohusika. Milango ikafunguliwa Agosti. Jefferson Thomas na Carlotta Walls, wawili wa wale tisa, walirudi Central, wakahitimu mwaka 1960.

"Leo ni makumbusho"

Tangu 1998 jengo lile la 1927 limo ndani ya eneo la kihistoria la taifa, lakini kengele bado inalia na vijana wa kila rangi wanaingia darasani. Mgeni anayetaka kuingia ndani huomba mapema, ili masomo yasivurugwe. Karibu na kona ya shule pana benchi, mfano wa lile alilokalia Elizabeth. Lilizinduliwa Septemba 4, 2018, na miongoni mwa waliolifanyia kazi ni wanafunzi wa Central wenyewe.